Ndege Hana Kaka

Riziki alilitambua lile bega kabla hajaiona sura. Bega la kushoto la Cyrus lilikuwa na mtindo wake wa kuinama, kama la mtu aliyekua akibeba ndoo, na Riziki aliliona tokea ng'ambo ya barabara, mbele ya kafteria ya Wahindi pale Fereej Bin Mahmoud, Doha, likiwa limeinamia kitu chekundu juu ya meza ya plastiki. Moyo ukamruka. Akaukemea papo hapo, maana moyo wenyewe ulikuwa wa mwanamke aliyeletewa posa na mtu mwingine, na alasiri ile ile wazee kule Tanga walikuwa wanakaa kuitolea jibu.

Asubuhi ndipo Loice alipompigia simu. Loice alioka keki katika hoteli moja ya The Pearl, kule kule Cyrus alikokuwa akiendesha boti za wageni, Mkenya mwenzake, na hakuwa na desturi ya kuzungusha maneno.

"Riziki, mtu wako anaenda leo. Amepata meli. Ati wanaenda kwa barafu, chini kabisa ya dunia, kuonyesha matajiri ndege na wanyama. Gari ya ajenti inawachukua alasiri pale kwa kafteria yenu. Sasa usiseme sikukuambia."

"Mtu wangu nani?" Riziki alikuwa amemjibu, lakini sauti ilimsaliti.

"Wacha hizo," Loice alisema, akakata simu.

Mtu wake alikuwa amenyamaza tangu joto la Agosti. Hakupiga, hakuandika, hakumtuma mtu. Riziki alimlilia katika chumba cha kufulia cha ile nyumba ya Al Thumama alikokuwa akilea watoto wa watu, akiiacha mashine izunguke tupu ili madam asimsikie, na ndege zinazoshuka uwanjani zikimsaidia kwa kelele zao. Alipochoka kulia, kaka yake Abdulrahman akamletea habari za Shabani. Mtu wa Tanga, mtu wa swala, msimamizi wa walinzi katika jengo la ofisi. Hanywi, havuti, na akiongea na wakubwa hutazama chini. Angekuwa mlevi, Riziki angepata la kusema. "Fanyeni mnavyoona," alijibu. Mtu aliyekata tamaa huwa mtiifu sana, na wazee hupenda kudhani utiifu huo ni malezi mema.

Leo ilikuwa Ijumaa, siku yake ya kupumzika, na alikuwa amemuaga kaka yake kwamba anakwenda dukani kununua sabuni. Jengo la kaka lilikuwa la pili tu nyuma ya kafteria. Riziki akaweka ushungi wake sawa, akavuka barabara.

"Wasafiri wa siku hizi hawaagi," alisema.

Cyrus aliinua uso, na kibano alichokuwa amekishika kikamdondoka. Alimtazama kuanzia ushungi wa samawati mpaka kwenye viatu, kisha macho yakarudi juu na kukaa hapo. Yale macho. Riziki alikuwa ameshajifunza kulala bila kuisikia sauti yake, na kula bila salamu zake, lakini kwa macho hakuwa amejiandaa.

"Riziki. Nani amekuambia?"

"Uliza nani hakuniambia."

"Keti basi. Tafadhali." Akamsogezea kiti, na mkono wake ukamwashiria mhudumu alete chai moja ya karak, sukari kidogo, kabla hata hajafikiri. Mkono ulikuwa haujasahau.

Riziki alikaa. Mezani palikuwa na koti jekundu, nene kama godoro, limegeuzwa ndani nje. Kwenye mikono na shingoni lilikuwa na vile vitambaa vya kunata vinavyolia kraa vikibanduliwa, na Cyrus alikuwa akichomoa humo vitu vidogo sana na kuviweka juu ya karatasi.

"Ndiyo nini hii? Umekuwa fundi cherehani?"

"Ni mbegu," Cyrus alisema. "Hii koti nilinunua kwa jamaa wa usafi, alikuwa ameenda nayo Georgia kuona theluji. Akalala nayo kwa nyasi sijui. Imejaa mbegu."

"Kwani na wewe wakwenda Georgia? Doha nzima yaenda Georgia, wanapiga picha na theluji wanarudi Jumapili kazini. Mbona Loice kanitisha?"

"Hiyo ni Georgia ingine. Mimi naenda Georgia Kusini. Ni kisiwa. Unapanda ndege mpaka mwisho wa Amerika ya Kusini, hapo unapanda meli, unaenda siku na siku bila kuona nchi." Alizungumza akiitazama ile karatasi. "Huko hakuna wenyeji. Ni pengwini tu, maelfu na maelfu, na sili wamelala ufuoni wakubwa kama pikapu. Meli inasimama mbali, halafu sisi tunashukisha wageni na boti za mpira. Ndiyo kazi yangu. Boti."

"Na mbegu?"

"Hawataki mbegu. Hawataki mchanga, hawataki kitu yoyote ya kwenu ifike huko. Ikianguka inaota, inaharibia ndege mahali pao. Kabla ya kushuka mnapanga foleni, mnapigwa viatu brashi, mnakaguliwa mifuko. Na ukitoka huko, hata jiwe moja hubebi."

Shingoni, chini ya ushungi, Riziki alikuwa na kishada cha asumini alichonunua kwa muuza maua wa Kihindi pale njiani. Alijiambia alipokinunua kwamba ni kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa ni Ijumaa. Alikuwa anajidanganya. Alikuwa amekinunua ampe.

"Hata asumini?" aliuliza.

"Hata asumini."

"Basi wanakutaka mtupu kama ulivyozaliwa."

Cyrus alitaka kucheka, akashindwa. Riziki aliokota kibano kilichodondoka, akalivuta koti upande wake, akaanza kuchomoa mbegu. Alikuwa na jicho kali la mtu aliyechambua mchele tangu utotoni. Ilikuwa heri mikono iwe na shughuli, maana alikuwa hajui angeifanyia nini pengine, na mezani hapo vidole vya Cyrus vilikuwa karibu sana na vyake.

"Nilikukosea nini, Cyrus?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Sikuulizi kwa ugomvi. Nataka nijue tu, nisije nikamkosea na mwingine."

"Wewe kunikosea? Wewe ndiye ulimaliza."

"Nilimaliza nini?"

"Sisi." Sasa alikuwa anamtazama. "Tulikuwa tumekosana juu sikuja kwa kaka yako ile Ijumaa. Nikakupigia, nikakuomba msamaha mpaka nikaishiwa na maneno. Na wewe ukanyamaza, halafu ukasema, pole pole hivi, 'Basi Cyrus, yaishe.' Ukakata simu. Nilisikia na masikio yangu. Ati yaishe. Mimi ni nani nikulazimishe?"

Kibano kilisimama hewani.

"Madam aliniita," Riziki alisema. "Mtoto alikuwa amejimwagia maziwa. Nikakata simu."

"Lakini ulisema yaishe."

"Nilisema yaishe."

"Sasa? Yaishe ni yaishe. Ni kama khalas, imeisha. Si ni kitu moja?"

"Khalas ya nani, Cyrus?" Sasa aliinua kichwa. "Kwetu mtu akikwambia yaishe amekusamehe. Umemwangukia, umemwomba radhi, naye moyo umepoa, ndipo anasema basi, yaishe. Ugomvi ndio uishe. Ugomvi, si sie."

Cyrus alimtazama kama mtu anayesomewa hukumu kwa lugha asiyoielewa.

"Yaani ulikuwa umenisamehe," alisema.

"Nilikuwa nimekusamehe tangu jana yake. Niliringa tu kidogo. Nikakaa nikingoja upige jioni."

Kiswahili ni mali ya wote, kila mtu anakijivunia kwao, na wengi wameoana kwa Kiswahili cha kuazimana bila kudhurika. Lakini kati ya Tanga na Bungoma ya kina Cyrus kuna maneno mengi yaliyolala njiani, na hawa wawili walijikwaa kwenye moja. Riziki alianza kucheka. Alicheka akiwa ameziba mdomo kwa ushungi, mabega yakimtikisika, na Cyrus naye akaanza kucheka, hadi mhudumu aliyeleta karak akatabasamu bila kujua kwa nini. Kisha kicheko cha Riziki kikabadilika chenyewe, na machozi yakaanguka juu ya koti jekundu.

"Usilie hapo, watasema nimebeba chumvi," Cyrus alisema.

"Basi usiende," Riziki alisema. "Ikiwa tumekosana kwa neno, na neno tumelielewa, usiende. Waambie umebadili nia."

Cyrus aliacha kucheka.

"Hiyo kazi waliniita mwanzo wa mwaka nikakataa," alisema. "Nilikataa juu yako. Uliposema... nilipodhani umesema vile, nikawarudia, nikasema hata leo nitaenda. Nilitaka mahali mbali. Nikaona hakuna mbali kuliko huko. Sasa hoteli wameshaandika mtu mwingine. Kitambulisho changu cha hapa kimefutwa jana. Nikibaki leo, kesho mimi ni mtu wa kukamatwa, Riziki. Sina hata kitanda."

Alisema kweli, na Riziki alijua ni kweli, kwa kuwa hakuna mgeni wa Doha asiyejua kitambulisho kikifutwa maana yake nini. Alirudisha macho kwenye koti. Mbegu moja ilikuwa imezama sana kwenye mshono, akaichokonoa kwa hasira.

"Utarudi lini?"

"Wakimaliza huko kusini, meli inapanda inaenda visiwa vya kaskazini, kule kwa dubu weupe. Labda mwaka. Labda watanipa likizo katikati, sijui. Na mtandao huko ni wa kuvizia." Aliinamia meza. "Lakini kuna ndege mmoja walituonyesha kwa video. Ana mabawa marefu kuliko gari. Anatoka anazunguka bahari yote, miezi na miezi, anapita dhoruba, na mwenzake naye yuko zake. Halafu msimu ukifika wanarudi kwa kile kiota, wawili hao hao, na wanajuana. Wanachezeana vichwa hivi. Hakuna mtu wa kuwaambia. Nilikuwa nikiangalia hiyo video, Riziki, hata na vile nilidhani umeniacha, nilikuwa nafikiria wewe."

Lilikuwa jambo zuri kuambiwa. Siku nyingine lingemyeyusha.

"Usinifananishe na ndege," Riziki alisema. "Ndege hana kaka. Ndege hana mjomba aliyekaa Tanga kwenye mkeka saa hii anangoja aseme ndiyo. Hana mama anayeulizwa na majirani kila akienda sokoni, binti yako anaolewa lini. Mie nimeposwa, Cyrus."

Gari lilipita, likapita lingine. Cyrus aliishika glasi ya karak isiyokuwa yake, akaiachia.

"Na nani?"

"Anaitwa Shabani. Ni mtu wa kwetu. Hana baya."

"Unampenda?"

"Nimekwambia hana baya." Akaweka kibano mezani. "Niliwaambia wafanye wanavyoona. Nilikuwa nimeshakukatia tamaa. Lakini kaka yangu si mtu wa dhuluma, amesema hatatoa jibu mpaka anisikie mwenyewe, leo, wazee wakishaketi. Atapiga sasa hivi. Na nikishasema ndiyo, wakisoma Fatiha, basi tena. Siwezi kumrudisha mama yangu mbele za watu akaseme mwanangu ametania."

"Kwa hivyo bado hujasema."

"Bado."

Walitazamana. Palikuwa na nafasi ndogo sana hapo, na wote wawili waliiona. Riziki aliinama mbele, sauti ikashuka.

"Nitasema hapana. Naweza kusema hapana, kaka atanikasirikia lakini hatanilazimisha. Ila nikisema hapana, nisimamie wapi? Nitamwambia namngoja nani? Jengo lake ni lile pale, Cyrus, unaliona. Twende sasa. Hutakaa hata dakika tano. Umwambie tu kwamba nikirudi nitakuja kumposa Riziki. Hilo la dini na mengine mtayazungumza ukirudi. Mie sitaki leo uniletee ndoa, nataka neno mbele ya kaka yangu. Basi."

Cyrus aliligeukia lile jengo. Alilitazama dirisha baada ya dirisha, na Riziki aliona uso wake ukibadilika, akajua kuna kitu kinakuja ambacho hatakipenda.

"Ile Ijumaa sikuwa kazini," Cyrus alisema.

"Ulisema walikubadilishia zamu."

"Nilidanganya. Nilikuja. Nilivaa shati ile nyeupe, nikanunua matunda, nikapanda ngazi mpaka juu. Kufika kwa mlango nikaona viatu. Nyingi, Riziki, zimepangwa mpaka kwa ngazi. Nikasema, hawa wazee wote wameitwa juu yangu. Wataniuliza jina la baba, dini, mama yako anasema nini. Na mama yangu ameshasema nikibadilisha dini nisikuje kumzika. Nikasimama hapo na matunda yangu. Halafu nikashuka."

Riziki alifumba macho.

"Hapakuwa na mzee hata mmoja," alisema. "Mle wanaishi wanaume kumi na kitu, Cyrus. Wapangaji. Madereva wenzake. Wanavua viatu mlangoni kwa sababu ndiko wanakolala. Kaka alikuwa amekupikia pilau, kwa mkono wake, akawaambia wote wakae jikoni wasikutie haya. Walikaa jikoni mpaka pilau likapoa."

"Sikujua."

"Ungegonga ungejua."

Hakulisema kwa ukali. Lilikuwa linauma vya kutosha. Alimwona jinsi alivyokuwa, mwema, mpole, mwenye mapenzi ya kweli, na mwenye kushuka ngazi. Alimpenda hivyo hivyo. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba kumjua hakukupunguza kitu.

"Twende sasa," alirudia. "Viatu vitakuwepo. Nitatangulia mie."

Cyrus alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kona ya barabara, mbele ya duka la simu, gari jeupe la abiria lilikuwa limesimama, na kijana mmoja wa Kinepali alikuwa anapakia begi.

"Sitaki kukudanganya tena," Cyrus alisema. "Nikienda kwa kaka yako nitaahidi, na sijui kama nitaweza. Mama yangu, dini, hii meli. Sijui. Wewe ni mtu mzima, Riziki. Mimi siwezi kukuamulia maisha. Chenye moyo wako utasema, hicho nitaheshimu."

Alidhani amesema jambo la heshima. Kwao, na kwa alivyolelewa na dada zake wasomi, mwanamume anayemwachia mwanamke aamue mwenyewe ndiye muungwana. Riziki alilelewa mahali ambapo mwanamume anayekutaka hukutaja mbele za watu, na asiyekutaka ndiye anayesema uamuzi ni wako. Maneno yale yalimwingia baridi.

Simu ikalia.

Aliitazama. Jina la Abdulrahman lilikuwa linawaka. Akaipokea, akaibana sikioni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Sabuni umekwenda kuipika?" Sauti ya kaka ilikuwa na uchangamfu wa mtu aliye mbele ya watu. Kisha ikawa ya taratibu. "Haya, mdogo wangu. Nina mjomba kwenye simu ya pili, na mama yupo, na wazee wa upande wa Shabani wameshafika. Nimewaambia wangoje kidogo. Baba hayupo, mimi ndiye nimesimama mahali pake, na sitaki siku moja uje useme kaka aliniuza. Nakuuliza kwa Mungu mmoja. Posa ya Shabani, niijibu ndiyo?"

Neno hapana lilikuwa mdomoni. Lilikuwa pale kabisa, kwenye ncha ya ulimi, lina ladha. Riziki alimtazama Cyrus. Hakuhitaji hotuba, wala hakuhitaji ahadi ya kiapo. Angetikisa kichwa tu. Angenyoosha mkono kuvuka meza. Angesema sema hapana, na Riziki angesema hapana kwa sauti ya kusikika Tanga bila simu.

Cyrus alikuwa anatazama chini, kwenye ile karatasi ya mbegu. Alikuwa anamheshimu.

"Riziki?" kaka aliita.

Alimngoja Cyrus. Alingoja na macho yake yote. Gari la ajenti lilipiga honi, na Cyrus akageuza kichwa kulitazama gari.

"Umenyamaza," kaka alisema sikioni, na sauti yake ikalainika ikawa ile aliyokuwa akimwitia alipokuwa mdogo. "Haya. Mwali akinyamaza amekubali. Hata mimi nilitaka usiniaibishe kwa kujibu haraka. Nimekusikia, mdogo wangu. Usione haya."

"Kaka," Riziki alisema.

Lakini kaka alikuwa ameshaigeukia simu ya pili. Alimsikia akisema amekubali, mjomba, amekubali, na kutoka mbali, ndani ya simu iliyo ndani ya simu, kikapanda kigelegele. Kilikuwa cha mama. Mama yake hakuwa amepiga kigelegele tangu walipomzika baba. Hata harusi za majirani alikuwa akienda na kukaa kimya. Sasa alikuwa anapiga, anavuta pumzi, anapiga tena, na wanawake wengine wakimpokea.

"Naam, Riziki?" kaka alirudi. "Ulisema?"

Kigelegele kilikuwa bado kinaendelea.

"Hapana, kaka," alisema. "Hakuna kitu. Nakuja."

Akaishusha simu. Mezani Cyrus alikuwa ameinuka, koti mkononi, begi begani, na uso wa mtu anayengoja kuambiwa ugonjwa wake.

"Umemwambia nini?"

"Sikusema kitu."

"Amekuuliza?"

"Ameniuliza."

"Na hukusema ndiyo?"

"Sikusema."

Uso wa Cyrus ulifunguka. Riziki hakuwa amewahi kuuona ukiwa vile, hata siku ya kwanza alipomkubalia. Yale mabega yalinyooka yote mawili.

"Umemnyamazia kaka yako," alisema. "Kwetu msichana akinyamaza watu wanajua hataki, wanakunywa chai wanaenda kwao. Umenyamaza juu yangu." Alicheka, akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Wewe uko na moyo kunishinda. Mimi nilikuwa hapa naogopa, na wewe umewanyamazia wote. Sikia, Riziki. Nitarudi. Sijali mama atasema nini. Nikirudi naanza na kaka yako kabla hata ya kuoga, nitapiga magoti hapo mbele ya hao madereva wote, nitasema nimekuja kumtaka Riziki. Nakuahidi. Umenisikia?"

Riziki alikuwa amesikia. Ndilo lile neno. Lilikuwa limekuja zima, kwa sauti, mbele ya wahudumu na wapita njia, na halikupungua hata herufi. Lingetangulia kidogo tu lingemkuta.

Kijana wa Kinepali aliita kutoka garini. Dereva akapiga honi tena.

Angeweza kumwambia. Ilikuwa haki yake kuambiwa, na angejua tu, maana Loice hakai na habari. Lakini meli ingekuwa imeshaondoka, na Riziki aliwaza maji yote yale yasiyo na nchi, na mtu mmoja wa Bungoma katikati yake asiyekuwa na wa kumwambia pole. Akaona amwache afike kwanza. Amwache aione hiyo barafu na hao ndege angalau mara moja, akiwa na moyo mzima.

"Utaningoja?" Cyrus aliuliza. Alikuwa ameshaanza kurudi kinyumenyume kuelekea garini, anamtazama.

"Nenda," Riziki alisema. "Wanakungoja wewe."

Cyrus aliingia, akakaa dirishani, akashusha kioo. Alikuwa na furaha ya mwanamume aliyeacha mchumba nyumbani, na mchumba mwenyewe alikuwa ameshakuwa wa Shabani. Riziki alimpungia mkono mpaka gari likakata kona ya kwenda uwanjani, kisha akaenda dukani kununua sabuni.